Keratini ya mnyama gani? Barua ya wazi kwa mnaoamua nini kiandikwe kwenye lebo ya vipodozi

Kwenu nyie mnaotunga sheria za vipodozi, nyie mnaokaa kwenye kamati za majina ya viambato, na nyie wenye viwanda mnaoipitisha lebo kabla haijaenda kuchapwa. Salamu. Sijui nianze na nani manake kila nikimuuliza mmoja ananisukumia kwa mwenzake, kwa hiyo nimeona bora niwaandikie wote kwa pamoja, mtapatana wenyewe nani anajibu.

Mi ni msusi. Kazi yangu ni vichwa vya watu, naosha, nasuka, nakata, nahangaika na nywele zilizoungua kwa dawa na pasi, mwaka wa kumi na moja sasa. Na swali langu ni dogo kuliko barua yenyewe: ile keratini mnayoweka kwenye kondishena imetoka kwa mnyama gani?

Ngoja niwaambie lilivyoanza. Nilikuwa na mteja, mama mtu mzima, mpole, yupo kwenye sinki kichwa kimelowa, shampuu imeshatoka, mi nimeshika chupa ya kondishena nataka kukamua mkononi. Macho kafumba akaniuliza, "Hiyo ina keratini?" Nikamwambia ndiyo mama, tena ndo itakufaa, huku mbele zimekatikakatika sana. Akasema, "Keratini ya nini?" Nikajibu kama tunavyojibu wote, keratini ya nywele mama. Akafumbua macho. "Hapana mwanangu, nauliza imetolewa kwenye nini. Kuna mnyama mi sitaki anifike mwilini hata kwa sabuni."

Nikageuza chupa. Maandishi madogo kama chembe za mchanga, ikabidi nipige picha na simu nivute karibu ndo nisome. Maji, pombe za mafuta zile za kulainisha, glisirini, halafu "Hydrolyzed Keratin", manukato, vihifadhi, basi, imeisha. Mnyama hayupo. Nikasoma tena toka mwanzo kama vile nikirudia atatokea. Maji yanatiririka, mama ananitazama toka chini, na mi na miaka yangu yote ya kazi sina jibu. Nikamwambia ukweli, mama sijui. Akasema basi usinipake. Nikamsuuza nikampaka mafuta ya nazi, tukamaliza, akalipa akaniaga vizuri tu, ila ile aibu ilibaki kwangu.

Mama wa watu hakuwa na kituko, swali lake ni la maana, na kwa wenzangu wa saluni watakaosoma hapa acha nieleze kwa nini manake na mi nilikuwa sijui mpaka nilipoanza kutafuta. Keratini ni protini ngumu. Ndo inayojenga nywele, kucha, sufi, manyoya ya ndege, pembe, kwato. Haiyeyuki kwenye maji, vipande vyake vimeshikana kwa vifungo vya salfa, ndo maana ukiunguza unywele inatoka ile harufu kali ya peke yake. Sasa ukitaka kuiweka kwenye kondishena lazima uivunje kwanza, kiwandani wanaichemsha na asidi au alkali au wanatumia vimeng'enya mpaka inakatika vipande vifupi vinavyoyeyuka. Lile neno refu lililotangulia keratini kwenye lebo maana yake ndo hiyo, imevunjwa kwa maji, hakuna zaidi. Kinachotoka ni kimiminika, na kina kaharufu kake, ka sufi iliyolowa, ndo moja ya sababu mnakijazia manukato.

Na kazi inafanya, sisemi haifanyi. Vile vipande vidogo vinapenya kidogo kwenye unywele uliochakaa, vikubwa vinabaki juu vinatandaza utando mwembamba, chanuo linapita bila kung'ang'ana, nywele zinashika unyevu na zinang'aa. Kuna na aina nyingine mmeifanyia kazi zaidi mkaipa chaji chanya, na kwa kuwa unywele ulioharibika una chaji hasi nyingi basi vinavutana, haitoki kirahisi ukisuuza. Safi kabisa. Haifufui unywele, ule uliotoka nje ya ngozi umeshakufa na hakuna wa kuulisha hata mkiandika "lishe" kwa herufi za dhahabu, ila inausitiri vizuri mpaka baada ya kuosha mara kadhaa. Mi naitumia. Sijaja hapa kuipiga vita.

Shida ni hii. Protini hiyohiyo inaweza kutoka kwenye sufi ya kondoo, ile ya hali ya chini isiyofaa kwa nyuzi. Inaweza kutoka kwenye manyoya ya kuku, na unyoya karibu asilimia 90 ni keratini, na machinjio ya kuku duniani yanabaki na mamilioni ya tani za manyoya kila mwaka, yani malighafi ipo tu inatafuta pa kwenda. Inaweza kutoka kwenye pembe, kwenye kwato. Nguruwe naye ana nywele, ngumu zile za mgongoni, na zenyewe ni keratini vilevile. Kutumia mabaki si kosa, bora yatumike kuliko kutupwa yakaoza. Lakini vyote hivyo, kondoo, kuku, ng'ombe, nguruwe, vikishachemshwa vikaingia kwenye chupa vinapewa jina moja. Waswahili tunasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila hapa hata kama ni mbuzi hatujui.

Nikarudi nikaangalia lile kopo la mafuta ya nazi nililompaka mama. Nazi imeandikwa kwa majina yake mawili ya Kilatini, Cocos Nucifera, la ukoo na la kwake mwenyewe, kama mtu anayeingia chuo kikuu. Siagi ya shea nayo imeandikwa Butyrospermum Parkii. Kila jani, kila mbegu, kila gamba mnalotia mle ndani mna utaratibu wa kulitaja mpaka mtaalamu wa mimea aliyeko upande wa pili wa dunia ajue ni mti gani. Huu mfumo wenu wa majina, ule wa INCI, ulianza Marekani mwaka 1973 kwa chama cha wafanyabiashara wa vipodozi, leo unatumika karibu kila mahali, na kwenye mimea mmefanya kazi nzuri sina la kusema. Hata mbuzi kwenye maziwa yake ametajwa, mnaandika Caprae Lac, tena mbuzi hasa. Nyuki kwenye nta, Cera Alba, haina utata hakuna nta nyeupe ya ng'ombe. Ila ikifika keratini mnyama anayeyuka pamoja na protini yake. Kolajeni, ile protini ya ngozi na mifupa, ni vilevile, inaweza kuwa ya ng'ombe, ya nguruwe au ya samaki, na lebo inasema kolajeni tu. Yani nazi ina majina mawili, nguruwe hana hata moja?

Nikaamua kuwaandikia wenye kondishena. Kampuni siitaji, sina ugomvi na mtu, na najua ningeandikia nyingine ningepata majibu yaleyale. Imeili ya kwanza wakanijibu siku ya pili, haraka kweli, kwamba "viambato vyetu vinatokana na vyanzo vya asili vilivyochaguliwa kwa uangalifu mkubwa". Nikaisoma mara tatu. Vyanzo vya asili! Jamani na nguruwe ni wa asili, hakuna aliyemtengeneza kiwandani. Nikaandika tena, taratibu kama namuelekeza mtoto, nikasema naomba jina la mnyama, neno moja tu linatosha. Jibu la pili likasema chanzo ni taarifa ya msambazaji wao na ni siri ya kibiashara, na wakanipa punguzo la bei kwa manunuzi yangu yajayo. Punguzo! Imeili ya tatu mpaka naandika hapa haijajibiwa.

Sasa hapo kwenye siri ndo nataka tukae kidogo, manake hapo ndo mnapotuona wajinga.

Mnajua. Hamna namna ya kutojua. Chukueni Umoja wa Ulaya, sheria yao ya vipodozi namba 1223 ya mwaka 2009, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2013. Mle ndani seli, tishu au zao lolote la binadamu ni marufuku kwenye kipodozi. Maana yake ni nini? Maana yake mtu anayeuza keratini huko lazima aweze kuonyesha kwamba haikutoka kwenye nywele za watu zilizofagiliwa saluni kama yangu. Sheria hiyohiyo inakataa mabaki ya wanyama ya yale madaraja mawili yenye hatari kubwa, yanaruhusiwa ya daraja la tatu tu, sasa utajuaje daraja la kitu bila kujua kimetoka kwa mnyama gani na wapi? Halafu kila bidhaa lazima iwe na faili lake la taarifa, linatunzwa miaka 10 baada ya bechi ya mwisho kuingia sokoni. Marekani nao tangu 2004, baada ya lile balaa la kichaa cha ng'ombe, wamekataza sehemu za ng'ombe zenye hatari zisiingie kwenye vipodozi. Kwa hiyo karatasi ipo. Kuna mtu kakaa ofisini na faili lina jina la mnyama limeandikwa wazi, mkaguzi akija anaonyeshwa, muuzaji wa jumla akiuliza anatumiwa. Anayekosa kujua ni mimi ninayempaka mtu na huyo anayepakwa, tu.

Na msiniambie kwamba haijawahi kufanyika mkataja chanzo au mkaweka masharti kwa ajili ya chanzo. Imefanyika. Ile rangi nyekundu ya kamini, inayotoka kwa wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi, Marekani zamani ilikuwa inaweza kujificha nyuma ya maneno kama "rangi" kwenye vyakula, watu wakapata mizio mibaya, mwaka 2009 ikatoka kanuni kwamba kwenye chakula na kwenye vipodozi lazima itajwe kwa jina lake, na ikaanza kazi 2011. Dunia haikuisha, lipstiki nyekundu bado zinauzwa. Au lile sakata la Japani, sabuni ya kunawia uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwa, ngano ya kawaida kabisa, watu wakawa wanainawia uso kila siku mpaka miili yao ikaikataa ngano, wakila vyakula vya ngano wanavimba na wengine wanaishiwa pumzi, zaidi ya watu 2,000 walithibitika. Ulaya ikajifunza na mwaka 2017 ikaweka kikomo cha ukubwa wa vile vipande vya protini ya ngano kwenye vipodozi. Kwa hiyo mnajua vizuri sana kwamba protini ikivunjwa haisahau ilikotoka, mwili unaweza kuikumbuka.

Na kwenye hili la mizio sisi wasusi tuna la kusema. Mteja anapakwa kondishena mara moja kwa wiki mbili, mi mikono yangu imo humo kutwa. Hizi protini zilizovunjwa zimeshawahi kuwatoa watu vipele vya mzio vile vya kuwasha na kuvimba, si wengi, sitaki kutisha mtu, ila ikikupata daktari wa ngozi atakuuliza umeshika nini, utamwambia keratini, atakuuliza ya nini, na utamjibu kama mi nilivyomjibu yule mama.

Kuna kitu kingine kinaniudhi mpaka nacheka. Tangu watu waanze kuuliza maswali ya wanyama mmekuja na chupa zimeandikwa mbele "keratini ya mimea". Mimea haina keratini! Hakuna mmea hata mmoja unaotengeneza keratini, hiyo ni kazi ya wanyama. Kilichomo mle ni vipande vya protini ya ngano, soya na mahindi vilivyopangwa vifanane na keratini kwa hesabu, na vinaweza kufanya kazi nzuri tu, lakini jina ni la uongo. Na angalieni lilivyokaa vibaya, anayekimbia mnyama anapewa jina la mnyama, na mwenye mzio wa ngano anasoma "keratini" mbele ya chupa anajua yuko salama, ngano iko nyuma kwenye chembe za mchanga. Hapo nani kasaidiwa.

Na kale kasungura mnakokachora. Wateja wangu wengi wanaamini kasungura maana yake hakuna kitu cha mnyama ndani. Kanamaanisha haikujaribiwa kwa wanyama, ni jambo jema na nalipenda, ila kondishena yenye kwato inaweza kubeba kasungura bila kuvunja ahadi yoyote. Mnajua watu wanakaelewa vibaya na mnakaa kimya manake kimya kinauza.

Nikiwa hapohapo kwenye jina, niseme na hili ingawa si la mnyama. Mteja anakuja anasema nataka "keratini", anamaanisha ile tritimenti ya kunyoosha inayokaa miezi. Inayonyoosha mle mara nyingi si keratini kabisa, ni fomaldehaidi au kitu kinachoiachia kikipata joto la pasi, na ule moshi unaochoma macho ndo huo, shirika la utafiti wa saratani la kimataifa limeiweka fomaldehaidi kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 2004. Lakini jina linalopewa sifa mbele ya boksi ni keratini. Hii protini ya watu imekuwa kama mtoto wa kufikia, majina yote mabaya anabebeshwa yeye, na baba yake hatajwi.

Najua majibu yenu. Mtasema lebo ni ndogo haina nafasi. Mna nafasi ya kuandika "siri ya uzuri wa kifalme" mara mbili, mbele na nyuma, neno "kondoo" lina herufi sita. Mtasema wasambazaji wanabadilika, mwezi huu sufi mwezi ujao manyoya. Sawa, lakini kila chupa ina namba ya bechi, wekeni msimbo wa QR nitaskani nisome bechi hii ni ya nini, mbona tarehe ya kuisha mnaibadilisha kila bechi na hamlalamiki. Mtasema wateja hawaulizi. Wanauliza kwangu, hawana namba zenu. Kuna anayeuliza kwa dini yake, kuna asiyetumia kitu cha mnyama kabisa, kuna mwenye aleji, na kuna anayetaka kujua tu manake ni kichwa chake. Na kuna wasiojali, nilimuuliza binti mmoja ungejua hii ni ya kwato ungefanyaje akasema dada nipake tu hata kama ni ya mamba, mradi zishuke.

Nadhani sababu yenyewe hasa hamtaisema. Mnaogopa kinyaa. Mnaogopa mtu akiona "manyoya ya kuku" pembeni ya picha ya mwanamke nywele zinapepea atarudisha chupa kwenye shelfu. Inawezekana wengine watarudisha. Lakini watu hawa wamezoea kupaka mafuta ya sufi ya kondoo mdomoni, lanolini, toka miaka ya 1880 ilipoanza kuuzwa kama dawa na kipodozi, kina mama wanaonyonyesha wanaipaka kwenye chuchu zilizochanika, na kila anayejua inakotoka anajua ni mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kondoo na anapaka vilevile. Kinyaa kinaisha. Ila mtu akija kujua baadaye kwamba alifichwa, huyo ndo hamtampata tena.

Ninachoomba si kikubwa. Kamati ya majina, iacheni "Hydrolyzed Keratin" kama ilivyo msiwape watu kazi ya kujifunza upya, ongezeni mnyama na sehemu mbele yake, sufi ya kondoo, unyoya wa kuku, kwato za ng'ombe, hivyohivyo kama mnavyoiandikia nazi. Watunga sheria, lifanyeni lazima, manake hiari tumeiona, hiari ndo imenipa punguzo la bei badala ya jibu. Mkimaliza keratini mhamie kolajeni. Na hiyo "keratini ya mimea" ifutwe kabisa, muandike ngano ni ngano. Wenye viwanda, wakati mnasubiri sheria, wapeni watu wenu wanaojibu imeili ruhusa ya kufungua faili. Hiyo haihitaji bunge, mnaweza kuianza kesho asubuhi.

Ile chupa bado ninayo, imebaki kama nusu, naitumia kwa wasiouliza na kila nikiikamua roho inanisuta kidogo. Namba ya bechi niliwaandikia kwenye imeili zote tatu, ya mwisho niliambatanisha na picha. Mama anarudi mwisho wa mwezi kupunguza ncha.

Ni mimi,
msusi wenu